Karema bila samaki: namna tunavyopika kwa babula moja

Toka Jumatano ya Majivu watu watatu wameniuliza swali moja: "Ukitoa nyama na samaki, unabakia na nini? Bugali na chumvi?" Nawajibu wote hapa, kwa sababu mwaka wangu wa kwanza chuoni, hapa Bukavu, mimi mwenyewe nilijibu vibaya na mwili ukanilipisha.

Kanisa Katoliki halituombi mambo mengi. Kufunga kwa lazima ni siku mbili tu, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, kwa wenye miaka 18 mpaka 59: mlo mmoja wa kushiba. Nyama inaachwa siku hizo na Ijumaa za Karema, samaki inaruhusiwa. Lakini wengi wetu tunaongeza. Kuna wenye kufanya kufunga kwa Danieli, mboga na maji. Ndugu zetu Waorthodoksi wa Kolwezi na Kananga wao wanaacha hata mayai na maziwa. Mimi mwaka ule niliacha vyote kwa mara moja, na nikasahau kuweka kitu mahali pa vile nilivyotoa. Asubuhi chai ya sukari na mkate, jioni mkate na chai. Wiki ya tatu, nikitoka kwenye mtihani, macho yakaingia giza nikaanguka kwenye ngazi. Muuguzi akaniuliza nimekula nini. Nikamujibu na kiburi kidogo: "Niko nafunga." Akasema: "Hapana, wewe uko nakula sukari."

Basi tuanzie kwa maharagi, maana ndiyo inachukua mahali pa nyama. Watu wanaikimbia kwa sababu inakula makala, na ni kweli, mufuko wa makala si kitu kidogo kwa mwanafunzi. Lakini makosa ni yetu. Maharagi inalowekwa toka jioni, maji mengi, asubuhi unamwaga yale maji na kupika kwa maji mapya. Muda wa kuiva unapungua sana, na tumbo pia halisumbui vile. Tomati usiitie mapema! Uchachu wake unafanya maharagi igome kuiva. Ngoja mpaka ilainike, ndipo ulete tomati, kitunguu na mawese kidogo. Ikikaribia kuiva, toa sufuria kwenye babula, funika vizuri, izungushe kitambaa kizito au blanketi ya zamani. Itamalizia yenyewe, na wewe moto unautumia kwa bugali. Kuhusu bugali: unga wa muhogo mtupu unajaza tumbo lakini protini karibu hakuna. Changanya na mahindi. Mahindi na maharagi vinasaidiana, kila moja iko na kile ambacho ingine imepungukiwa.

Sombe sasa. Hapa kuna mtego, kwa sababu nyumbani kwetu sombe karibu kila mara iko na sambaza ama bitoyo ndani. Mama anakuambia "hii haina nyama", na yeye hasemi uongo, kwake sambaza si nyama. Weka karanga mahali pake. Unakaanga kidogo, unasaga, unatia mwishoni pamoja na mawese, unakoroga polepole kwa moto mdogo maana karanga inashika chini haraka. Ukipata uyoga, weka, utasahau samaki. Lakini haraka ya njaa isikudanganye kwenye majani yenyewe: majani ya muhogo mabichi yanatoa sumu ya sianidi. Yaponde sana, yachemshe muda mrefu, na sufuria iwe wazi ili mvuke utoke na ile sumu. Nimeona vijana wanatwanga nusu nusu, wanachemsha dakika ishirini, wanasema "iko tayari". Haiko tayari. Na angalia ile kube unayotia: nyingine imeandikwa kuku juu ya karatasi. Kitunguu kilichokaangwa vizuri na pilipili vinatosha.

Siku huna muda, chukua lengalenga ao matembele. Dakika kumi na tano, kitunguu, tomati, karanga kama iko. Kamulia limau juu, si kwa utamu tu: limau inasaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyo katika majani na maharagi. Chai inafanya kinyume, inayazuia, basi ingoje saa moja hivi baada ya kula. Mimi hii niliijua nikiwa nimechelewa, dada zangu ndio wanaihitaji zaidi.

Asubuhi, uji wa masoso, yaani mahindi, soya na mtama. Mambo yameisha hapo.

Kitu cha mwisho si cha sufuria, lakini kilitokea juu ya sufuria. Karema iliyofuata, nilikuwa nimejifunza kupika. Mwenzetu mmoja wa chumba cha jirani kila nikimukaribisha anajibu: "Asante, niko nafunga." Nikamuheshimu. Nikaona anasali kuliko sisi. Pasaka ikafika, ikapita, na bado alikuwa "anafunga". Kumbe toka mwezi wa pili nyumbani hawakuwa wametuma kitu. Sisi wanafunzi tunapenda kucheka kwamba tuko Karema mwaka muzima. Yeye hakuwa anacheka.

Toka hapo katika nyumba yetu hatuulizi tena "utakula?" Tunapika sufuria moja ya watu sita, kila mutu analeta alicho nacho, na asiye na kitu analeta maji ao anapuliza moto. Mwenye kufunga kweli anafungua jioni pamoja na wengine. Nani yuko nafunga na nani amekosa, sufuria haijui.

Leo ni Alhamisi. Maharagi iko ndani ya maji toka saa kumi na mbili. Karanga ndiyo imetuishia. Atakayepitia soko la Kadutu kesho, atukumbuke.