Ndugu yako anahama nchi huko Ulaya? Fahamu habari ya gari lake

Siku hizi ni familia chache zisizo na mtu wao Ulaya. Huyu alifikia Ubelgiji, sasa amepata kazi Uholanzi. Yule alisoma Ujerumani, ameolewa Ufaransa. Na kwa kuwa kundi la WhatsApp la ukoo halina mpaka, swali lake linafika hadi kijijini: "Jamani, nahama mwezi ujao. Niende na gari langu au niliuze?"

Wa nyumbani hujibu upesi: "Nenda nalo, si huko ni Ulaya hiyo hiyo?"

Jibu hilo linaweza kumgharimu fedha nyingi, na fedha hizo ndizo ambazo pengine zingelipa ada ya mtoto au kumalizia paa. Leo tunaeleza hatua kwa hatua mambo yalivyo huko, ili mkiulizwa tena muwe na la kumwambia, au mumtumie ukurasa huu ausome mwenyewe.

Mpaka hauna geti, lakini gari lina kwao

Nchi za Umoja wa Ulaya zipo 27. Nyingi kati yake hazina geti mpakani. Mtu anatoka Antwerp, Ubelgiji, mpaka Rotterdam, Uholanzi, kwa mwendo wa saa moja na kitu, na kinachomwonyesha kuwa amevuka mpaka ni kibao tu cha barabarani. Lakini kila nchi inasajili magari yake, inatoza kodi zake na ina ofisi zake. Hakuna namba ya gari ya "Ulaya nzima".

Tulinganishe na kwetu. Gari la Kenya likiingia Tanzania kupitia Namanga linapewa kibali cha muda, kisha linatakiwa kurudi. Huko Ulaya kibali hicho hakiandikwi pale mpakani, lakini wazo ni lile lile: mgeni anapita na gari lake, mkazi anasajili.

Nani basi ni mkazi? Kanuni ya Umoja wa Ulaya inaangalia mahali mtu anapoishi kwa kawaida, yaani anapokaa siku 185 au zaidi kwa mwaka kwa sababu ya familia au kazi. Kwa ujumla, gari la nchi nyingine lisikae zaidi ya miezi 6 bila kusajiliwa upya. Lakini ndugu yako asiichukue miezi 6 kama likizo. Hiyo inamfaa anayekuja kwa muda. Aliyehama moja kwa moja anaweza kupewa muda mfupi zaidi. Ufaransa, kwa mfano, inampa mwezi 1 tu.

Kuna mtego mwingine unaonasa ndugu wengi. Binamu anakuja kutembea kutoka Ubelgiji, anamwachia gari mwenyeji wake anayeishi Uholanzi, "tumia tu mpaka nirudi". Huko si jambo dogo. Gari la mgeni lililosamehewa kodi haliruhusiwi kuazimwa kwa mkazi wa nchi hiyo akaliendesha peke yake. Akisimamishwa barabarani, anaweza kudaiwa kodi nzima pamoja na faini.

Kodi: upande unaohamia ndio unaoamua

Hili ndilo la kuangaliwa kwanza, kabla hata ya kufunga mizigo.

Ujerumani haitozi kodi kubwa ya kusajili gari lililotumika. Mwenye gari analipa ada ya ofisi, kisha kodi ya kila mwaka inayotegemea ukubwa wa injini na kiasi cha moshi wa kaboni. Kodi hiyo hukusanywa na idara ya forodha kwa kukatwa moja kwa moja benki.

Uholanzi ni habari nyingine. Kuna kodi ya usajili inayoitwa BPM. Inahesabiwa kwa moshi wa kaboni wa gari, na inapungua kadiri gari linavyozeeka. Kwa gari lenye injini kubwa, kodi hiyo inaweza kumfanya mtu ajute kulileta.

Denmark ndiyo inayotisha zaidi. Kodi yake ya usajili inapanda kwa ngazi: asilimia 25 ya thamani kwenye sehemu ya kwanza, 85 kwenye sehemu ya kati, na 150 kwenye sehemu ya juu. Gari lililokuwa rahisi Ujerumani laweza kuwa mzigo likifika Denmark.

Lakini kuna habari njema kwa anayehamia Uholanzi. Gari alilokwisha kulimiliki na kulitumia kwa angalau miezi 6 kabla ya kuhama, akiwa bado anaishi nje, linaweza kusamehewa BPM. Sharti ni kuomba. Msamaha hauji wenyewe. Na akiupata, asiliuze gari hilo wala kuliazimisha ndani ya miezi 12 ya kwanza, vinginevyo kodi inarudi.

Kwa hiyo, mtu anayenunua gari Ubelgiji mwezi Machi na kuhamia Uholanzi mwezi Mei hajatimiza miezi 6. Mwenzake aliyenunua gari lile lile mwaka uliotangulia anaweza kuingia nalo bila kulipa BPM. Gari ni moja, ila tarehe za karatasi zinatofautiana.

Karatasi za kubeba

Hapa kwetu tuna kadi ya gari. Huko nchi nyingi zina kadi yenye sehemu mbili: sehemu ya kwanza hutembea na gari, sehemu ya pili hutunzwa nyumbani kama hati ya kiwanja. Kama nchi ilitoa zote mbili, zote zinatakiwa. Ikikosekana moja, usajili unaweza kukataliwa.

Pamoja na kadi, aandae haya:

Cheti cha kiwanda kinachoonyesha kuwa gari limetengenezwa kwa viwango vya Umoja wa Ulaya. Magari mengi ya karibuni huuzwa nacho. Kikipotea huombwa kwa mtengenezaji, kwa kulipia, na huchukua muda.

Hati ya mauziano au risiti yenye jina lake na tarehe.

Cheti cha ukaguzi wa gari. Ujerumani ukaguzi hufanywa kila baada ya miaka 2, na gari jipya hukaguliwa mara ya kwanza baada ya miaka 3. Ufaransa, gari la zaidi ya miaka 4 linalosajiliwa linatakiwa liwe na cheti kisichozidi miezi 6.

Kitambulisho na uthibitisho wa anwani mpya. Ujerumani hawezi kusajili gari kabla ya kuandikisha makazi yake kwenye ofisi ya mji. Anatakiwa pia awe na namba ya uthibitisho wa bima, ambayo hupewa na kampuni ya bima.

Anayekwenda Ufaransa na gari la nchi nyingine ya Umoja wa Ulaya aongeze karatasi ya ofisi ya kodi inayothibitisha kwamba gari halidaiwi kodi ya ongezeko la thamani. Usajili wenyewe hufanywa kwa mtandao, si kwa kupanga foleni.

Na asisahau kufunga hesabu alikotoka. Ubelgiji namba za gari ni za mtu, si za gari. Anayeondoka anatakiwa kuzirudisha ili zifutwe. Asipofanya hivyo, anaweza kuendelea kudaiwa kodi ya barabara na bima kwa gari ambalo tayari linalipiwa Uholanzi. Kulipia gari moja mara mbili ni sawa na kumwagilia shamba la jirani.

Akiamua kuuza na kununua jingine

Wengi huambiwa kuwa Ujerumani ndiko kwenye soko kubwa la magari yaliyotumika, na ni kweli. Mtu anaweza kuishi nchi nyingine akaenda kununua huko. Lakini aangalie mambo manne.

La kwanza ni kodi ya ongezeko la thamani. Gari lililotumika likinunuliwa kwa mtu binafsi halina kodi hiyo. Gari "jipya" hulipiwa kodi hiyo katika nchi linakokwenda kusajiliwa. Na maana ya "jipya" hapa si ile tunayoijua sisi. Gari huhesabiwa jipya kama halijatimiza miezi 6 tangu lianze kutumika, au kama halijazidi kilomita 6,000. Moja tu kati ya hayo linatosha. Kwa hiyo gari la miaka miwili la mzee aliyekuwa akienda nalo kanisani tu, lenye kilomita 5,000, kwa sheria hiyo bado ni jipya, hata kama muuzaji ni mtu binafsi. Akilipeleka Uholanzi, ambako kodi hiyo ni asilimia 21, kwa bei ya euro 20,000 atadaiwa euro 4,200. Kiasi hicho hakimo kwenye tangazo la kuuza.

La pili ni kilomita. Kurudisha nyuma mita ya gari ni ulaghai uliopo hata Ulaya, hasa gari likivuka mpaka. Ubelgiji muuzaji wa gari lililotumika analazimika kutoa hati iitwayo Car-Pass inayoonyesha kilomita zilizorekodiwa tarehe mbalimbali. Uholanzi kumbukumbu hizo ziko kwenye mamlaka ya magari iitwayo RDW. Muuzaji wa Ubelgiji akisema Car-Pass imepotea, mnunuzi ashike njia arudi nyumbani.

La tatu ni namba za kusafirishia. Ujerumani inatoa namba za kupeleka gari nje ya nchi, zenye ukanda mwekundu ulioandikwa tarehe ya mwisho, na zinaambatana na bima. Zipo pia namba za siku 5 zenye ukanda wa njano. Hizo si kila nchi inazikubali, hivyo asivuke nazo mpaka kwa kubahatisha.

La nne ni moshi. Miji mingi ina maeneo ambayo magari ya zamani, hasa ya dizeli, hayaruhusiwi. Nchini Ujerumani maeneo hayo hutaka stika ya kijani kwenye kioo cha mbele. Brussels nayo ina eneo lake, na Ufaransa ina stika zake. Gari la bei ya kutupa linaweza kuwa rahisi kwa sababu hiyo hiyo: haliruhusiwi kuingia mjini ambako ndugu yako anafanya kazi.

Bima na leseni

Bima ya kumlinda mtu wa tatu ni ya lazima Umoja wa Ulaya wote. Lakini bima ya nchi ya zamani haimfuati mtu milele. Gari likisajiliwa nchi mpya, linahitaji bima inayokubalika nchi hiyo. Kabla ya kuhama, aombe kampuni yake imwandikie historia ya ajali kwa miaka 5 iliyopita. Ni haki yake, na kampuni inatakiwa kuitoa ndani ya siku 15. Asiye na karatasi hiyo anaweza kutozwa kama dereva aliyejifunza jana, hata kama ana miaka kumi hajagusa bampa la mtu.

Leseni ya nchi ya Umoja wa Ulaya inatambulika katika nchi zote 27. Leseni ya kutoka huku kwetu ni tofauti. Ujerumani inaikubali kwa miezi 6 baada ya mtu kuwa mkazi, na Uholanzi kwa siku 185. Baada ya hapo kinachofuata kinategemea nchi iliyoitoa: wapo wanaobadilishiwa, na wapo wanaofanya mtihani upya.

Na hapa pana jambo ambalo wengi hulijua wakiwa wamechelewa. Mtu aliyebadilisha leseni ya Afrika bila mtihani akapewa ya Ulaya, huandikiwa alama ya namba 70 nyuma ya leseni yake. Alama hiyo inaonyesha ilikotoka. Akihamia nchi nyingine ya Umoja wa Ulaya, nchi hiyo hailazimiki kuitambua. Kwa hiyo ageuze leseni yake na kuisoma leo, kabla hajasaini mkataba wa kazi ya udereva kwingine.

Uingereza si sehemu ya hayo

Uingereza ilijitoa Umoja wa Ulaya, na kanuni zake zilikoma huko mwisho wa mwaka 2020. Anayeingiza gari Uingereza anapita forodha. Anatakiwa kutoa taarifa kwa mamlaka ya kodi ndani ya siku 14 tangu gari liingie. Aliyeishi nje ya Uingereza angalau miezi 12, na kulimiliki na kulitumia gari angalau miezi 6, anaweza kuomba asamehewe ushuru. Tena huko wanaendesha kushoto kama Tanzania, Kenya na Uganda.

Hilo linatupeleka kwa wale wanaosema, "Basi asiliuze, alitume nyumbani." Gari la Ubelgiji au Ujerumani lina usukani kushoto. Linafaa barabara za Kongo, Burundi na Rwanda, wanakoendesha kulia. Kwa Tanzania na Uganda ni shida barabarani, na Kenya kwa kawaida hailisajili. Ulizeni kwanza kabla ya kulipia meli.

Kwa ufupi, amwambieni hivi

Aanze kwa kuuliza kodi ya usajili ya nchi anakokwenda. Ahesabu miezi tangu anunue gari. Akusanye kadi, cheti cha kiwanda, risiti na historia ya bima akiwa bado alipo, maana kuomba karatasi kutoka nchi nyingine ni kazi. Akifika, aandikishe makazi kwanza, kisha bima, kisha gari. Halafu afute namba za zamani na atunze uthibitisho.

Akishajumlisha yote hayo na kuona gharama inakaribia bei ya gari, aliuze hapo alipo, ahame kwa treni. Na ninyi wa nyumbani msimlaumu kwamba ameuza gari. Mwulizeni hesabu, atawaonyesha.