Fahamu: Paniolo, wachunga ng'ombe wa Hawaii

Paniolo ni nani?
Ni mchunga ng'ombe wa Hawaii anayefanya kazi juu ya farasi. Inaaminika jina hilo lilitokana na "español", yaani Mhispania, likatamkwa Kihawaii, lugha isiyo na sauti ya "s".

Ng'ombe walifikaje visiwani?
Mwaka 1793 nahodha Mwingereza George Vancouver alimzawadia Mfalme Kamehameha I ng'ombe. Mfalme akapiga marufuku kuwaua. Wakazaliana, wakawa wa mwituni, wakavamia mashamba. Miaka ya 1830 Kamehameha III akawaita wachunga ng'ombe wa California, wakati huo sehemu ya Mexico, wawafundishe Wahawaii kupanda farasi na kurusha kamba ya kitanzi.

Kazi ilikuwaje?
Kamba zilisukwa kwa ngozi mbichi. Ili kumpakia ng'ombe melini kwenye pwani zilizokuwa hazina gati, kama Kawaihae, paniolo aliingia baharini na farasi wake akimvuta ng'ombe hadi kwenye mashua. Ng'ombe alifungwa ubavuni mwa mashua, akaogelea hadi melini, kisha akainuliwa kwa mkanda uliopitishwa tumboni.

Kwa nini wanaenziwa?
Mwaka 1908 paniolo Ikua Purdy alishinda ubingwa wa dunia wa kunasa ng'ombe kwa kamba mjini Cheyenne, Wyoming, akitumia farasi wa kuazima. Wahawaii pia walipokea gitaa la wachunga ng'ombe wa California, wakalegeza nyuzi zake na kuunda mtindo wao wa kulipiga, kī hōʻalu. Ujuzi ulitoka ugenini. Ufundi wakaufanya wao, nao unastahili heshima kamili.