HERUFI NZITO NI KAMA CHUMVI: WEKA KIDOGO, BEI IONEKANE

Leo tuongelee kitu ambacho wengi tunakipita tu: fonti ya kwenye matangazo yetu.

Mimi nauza mashuka mtandaoni. Sijasomea mambo ya kudizaini, nimeishia form four, mengine nimejifunzia kwenye simu. Fonti ninayoikubali kuliko zote inaitwa Clarendon. Ni ya zamani kweli kweli: ilitoka London mwaka 1845, kwenye kiwanda cha herufi cha Robert Besley.

Utaijuaje? Mistari yake minene, na kwenye ncha za herufi kuna vijiguu vinavyoitwa serifu. Vyake ni vinene pia, ila vimepinda kidogo pale vinapoungana na herufi. Inaonekana imara lakini haina ukali.

Sasa sikia kazi yake. Ilitengenezwa ikae mstari mmoja na maandishi ya kawaida, ili neno moja lionekane haraka. Ndiyo maana ilipendwa kwenye kamusi: neno linakuwa zito, maana yake inaandikwa kwa herufi nyembamba. Jicho linatua lenyewe.

Besley aliisajili, sheria ya Uingereza ikamlinda miaka 3 tu. Muda ulipoisha, viwanda vingine vikatoa za kwao. Marekani wakachonga kubwa za mbao kwa ajili ya mabango. Kitu kinachouza lazima kiigwe!

Turudi kwetu. Mteja anapitisha kidole kwenye simu, hana muda. Ukikoleza jina la duka, namba, "mzigo mpya", "karibuni" na bei, vyote vinapiga kelele na hasikii hata kimoja. Anapita. Mzigo unabaki ndani, na hela yako imelala humo.

Fanya hivi:

1. Koleza kitu kimoja kwa kila tangazo. Mimi nakoleza bei.

2. Saizi, rangi na usafiri andika kwa fonti nyembamba ya kawaida.

3. Usiitumie kwa maandishi madogo. Herufi nene zikiwa ndogo, matundu ya "a" na "e" yanaziba, halafu 8 inafanana na 3. Kwenye bei hapo ni ugomvi.

4. Kwa jina la duka, inafaa bidhaa za kuonekana imara: unga, asali, viatu vya ngozi, samani. Kwa vipodozi au keki za harusi, jaribu kwanza, inaweza kuwa nzito mno.

5. Huna hela ya fonti? Ingia Google Fonts utafute Besley. Imetengenezwa kwa kufuata Clarendon, ni bure, hata kwa biashara.

Kabla hujaposti, shika simu mbali, mkono umenyooka. Kama bei ndiyo inayoonekana kwanza, posti. Kama sivyo, punguza unene kwenye vingine.

Wewe kwenye tangazo lako unakoleza neno gani? Tuambie hapo chini.