Tazama Tromboni: Beethoven kwa Pauni Nane

Ndugu zangu wa Moshi wakisikia naenda kusikiliza okestra hapa London, huniuliza: utaelewa nini kule? Nawajibu kwamba maonyesho ninayoyapenda yalianzishwa makusudi kwa ajili ya mtu ambaye hajasomea muziki.

Mwaka 1895 Robert Newman, meneja wa ukumbi wa Queen's Hall, alitaka watu wa kawaida wauzoee muziki huu kidogo kidogo, kwanza nyimbo nyepesi, kazi nzito baadaye. Kiingilio kilikuwa shilingi moja, watu walisimama, wakaruhusiwa kula, kunywa na kuvuta sigara. Fedha alitoa daktari wa koo, George Cathcart, kwa masharti mawili: kijana Henry Wood aongoze okestra, na vyombo vyote vilinganishwe kwa kimo cha chini zaidi cha sauti ili waimbaji wasiumie makoo. Sisi tuliokulia kwenye kwaya tunalielewa vizuri sharti hilo la pili. Maonyesho hayo, yanayoitwa Proms, yalichukuliwa na BBC mwaka 1927. Queen's Hall ilipoteketezwa kwa mabomu ya Wajerumani mwaka 1941, yalihamia Royal Albert Hall, na huko yapo hadi leo.

Kila mwaka, katikati ya Julai hadi Septemba, sehemu ya chini mbele ya jukwaa huachwa bila viti. Miaka ya karibuni tiketi ya kusimama hapo imekuwa pauni 8. Kwangu hakuna mahali pazuri zaidi katika ukumbi ule mkubwa. Unamsikia kiongozi akivuta pumzi kabla hajashusha mkono, unaziona nyuzi za upinde wa violini zilizokatika zikining'inia.

Katika kwaya ya Kilutheri niliimba sauti ya pili, tukijifunza kwa sol-fa. Mwenye sauti ya pili haimbi ule wimbo ambao kila mtu anaukumbuka, kwa hiyo huzoea kusikiliza yanayopita chini yake. Hivyo ndivyo ninavyosikiliza okestra. Nachagua chombo kimoja na kukifuata.

Chukua Simfonia ya Tano ya Beethoven, iliyopigwa mara ya kwanza Vienna tarehe 22 Desemba 1808, katika onyesho lililochukua saa nne hivi. Noti nne za mwanzo karibu kila mtu amewahi kuzisikia. Lakini wewe watazame wapiga tromboni watatu kule nyuma. Sehemu ya kwanza inapita, vyombo vyao viko mapajani. Ya pili inapita, ya tatu pia. Halafu kila kitu kinanyamaa, violini zinanong'ona, ngoma inagonga polepole kama mtu anayebisha hodi usiku. Wale watatu wanainua tromboni zao. Sauti inapanda, inapanda, na bila kusimama sehemu ya nne inafunguka kwa kishindo, tromboni zikiwa ndani yake kwa mara ya kwanza. Nimesimama pale nikatokwa na machozi, na jirani yangu, mzee nisiyemfahamu, naye alikuwa akijifuta.

Wengi huogopa kupiga makofi mahali pasipotakiwa. Desturi ya leo ni kungoja hadi kazi nzima iishe, lakini si ya tangu zamani. Mwaka 1778 Mozart alimwandikia baba yake kutoka Paris, akifurahi kwamba watu walishangilia katikati kabisa ya sehemu ya kwanza ya simfonia yake. Kwenye Proms mara nyingi makofi husikika kati ya sehemu na sehemu, na hakuna anayekemewa. Mpiga violini mkuu anapogonga noti ya piano ili wenzake walinganishe vyombo, waliosimama humpigia makofi pia! Nawapenda kwa hilo.

Sishauri kuanza na opera ya Wagner inayochukua saa tano. Anza na kazi ya nusu saa. Kama unaishi Uingereza, au unapita London majira hayo, tazama ratiba asubuhi ya siku yenyewe, maana tiketi nyingi za kusimama huuzwa siku hiyo hiyo. Vaa viatu visivyo na kisigino, na ufike mapema upate nafasi mbele. Ukiwa na mtoto anayependa ngoma, mlete.