Tumbo Lililopunguzwa na Wali wa Rufiji

Upasuaji wa kupunguza unene si jambo geni tena nchini Tanzania. Katika miaka ya 2020 Hospitali ya Taifa Muhimbili, kwenye tawi lake la Mloganzila, ilianza kuwahudumia watu wenye unene uliopita kiasi, kwanza kwa kuwawekea puto ndani ya tumbo, kisha kwa upasuaji wenyewe. Mpasuaji humaliza kazi yake kwa saa chache. Kazi inayobaki ni ya mgonjwa, naye huifanya nyumbani, mbele ya chakula, kwa miezi na miaka. Kwa mtu wa Kibiti, nyumbani ni mwendo wa kilomita zipatazo 140 kwa barabara ya Kilwa. Kwa mtu wa delta, kama vile Mbuchi au Msala, huongezeka safari ya chombo kupitia mikoko, safari ambayo aghalabu hungoja maji yajae. Mtu huyo akikosea katika kula hawezi kumfikia daktari wake jioni ile ile.

Tumbo la mtu mzima huweza kupokea chakula na kinywaji cha lita moja au zaidi. Katika upasuaji ufanywao sana siku hizi, zaidi ya robo tatu ya tumbo hukatwa na kutolewa, ukabaki mfuko mwembamba wenye umbo la ndizi, ambao mwanzoni huchukua mililita 100 hadi 150 tu. Pamoja na sehemu iliyokatwa huondoka pia chembe nyingi zinazotengeneza homoni ya njaa, na ndiyo sababu mgonjwa hushangaa kuona kwamba hatamani kula. Iko namna nyingine, iliyoanzishwa na Edward Mason huko Marekani mwaka 1966, ambapo hubakizwa kifuko kisichozidi yai la kuku, na chakula hupitishwa njia ya mkato bila kugusa sehemu ya kwanza ya utumbo mwembamba.

Wiki mbili za kwanza ni za vinywaji: supu ya samaki iliyochujwa, maziwa, uji mwepesi usio na sukari, vyote kwa kunyweka taratibu, funda dogo dogo. Baadaye huja vyakula vilivyopondwa, kama vile perege aliyeondolewa miiba, yai laini, na maharage yaliyopikwa yakalainika kabisa. Baada ya miezi miwili hivi mgonjwa hurudi kwenye chakula cha kawaida cha nyumba, lakini kwa kipimo cha vijiko vichache, na hapo ndipo mashaka hasa yanapoanza.

Rufiji ni nchi ya mpunga. Tangu karne ya 19 mchele wake ulikuwa ukipelekwa Zanzibar, na hata leo katika nyumba nyingi za bonde na delta, kusema chakula ni kusema wali. Kitoweo, awe kambare, hongwe, kamba au dagaa, huhesabiwa kuwa ni cha kuteremshia. Utaratibu huo haumdhuru sana mwenye tumbo zima, kwa sababu akimaliza wali bado ana nafasi ya samaki. Mwenye tumbo la mililita 150 hana nafasi hiyo. Akianza na wali, atakuwa ameshiba kabla hajagusa mchuzi. Mwili wake huhitaji angalau gramu 60 za protini kila siku ili unene upungue bila misuli kuliwa pamoja na mafuta. Kibakuli kidogo cha wali hakimpi zaidi ya gramu tatu au nne. Kipande cha samaki cha gramu 100 humpa zipatazo 20, na yai moja gramu sita. Kwa hiyo mpango wa sahani hauna budi kugeuzwa: samaki kwanza, mboga baadaye, wali mwisho, na kama nafasi imekwisha, wali ubaki. Delta yenye samaki na kamba wengi kiasi hiki ni mahali pazuri kuliko pengi kwa mtu wa namna hiyo, endapo tu atakubali kula kitoweo kama chakula.

Tena wali na ugali hukwama. Tonge la ugali hufinyangwa likashikamana, na wengi wamezoea kulimeza bila kulitafuna. Katika mfuko mwembamba tonge hilo huziba njia, kifua hubana, na mtu hutapika. Ni lazima kutafuna mpaka chakula kiwe kama uji mdomoni, na maji yanywewe nusu saa kabla au baada ya kula, si pamoja na chakula.

Kutapika mara moja kwa sababu ya haraka si hatari. Kutapika siku baada ya siku ni habari nyingine kabisa, nayo inastahili kuelezwa kwa urefu. Mwili hauna ghala kubwa la vitamini B1: akiba yake yote hutosha wiki mbili au tatu tu. Katika miaka ya 1890 Mholanzi Christiaan Eijkman, akifanya kazi katika kisiwa cha Java, aliona kuku waliolishwa mchele uliokobolewa mweupe wakilegea miguu na kuanguka, nao wakipona walipopewa mchele wenye pumba. Hatimaye ilifahamika kwamba kilichokuwa kikitupwa pamoja na pumba ni vitamini hiyo, na kwamba ugonjwa wa beriberi wa walaji wengi wa wali wa bara la Asia ulikuwa na chanzo hicho hicho. Eijkman alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1929. Mchele uliotwangwa kinuni hubakiza sehemu ya pumba. Mchele wa mashine, uliong'arishwa, hubakiza kidogo sana. Na hicho kidogo huyeyuka katika maji ya kuoshea, ambayo wapishi wetu kwa usafi wao huyabadilisha mara tatu au nne.

Basi mtu aliyepunguzwa tumbo, anayekula vijiko vichache vya wali mweupe na kuvitapika, anaweza kuishiwa kabisa vitamini B1 katika mwezi wa pili au wa tatu. Dalili zake hupotosha. Mgonjwa huyumba kama mlevi, macho huchezacheza au huona vitu viwili viwili, akili huchanganyikiwa. Si ajabu jamaa wakadhani ni malaria imepanda kichwani, au wakamwita mganga wa mashetani. Hata zahanati huweza kukosea kwa nia njema, kwa kumtundikia dripu ya glukosi, maana sukari hiyo huteketeza akiba ndogo iliyosalia na kuzidisha madhara katika ubongo. Sindano ya vitamini B1 hutangulia, glukosi hufuata. Ikicheleweshwa, kumbukumbu huweza kupotea moja kwa moja.

Mengine ni mepesi zaidi. Chai yenye sukari nyingi, juisi ya miwa na visheti huweza kumfanya aliyepitishiwa njia ya mkato atokwe jasho, moyo umwende mbio, na tumbo limharishe katika muda wa nusu saa. Maembe yenye nyuzi na machicha ya nazi huweza kufungamana tumboni yakawa donge.

Liko pia jambo la sinia. Mgeni anayekula matonge matatu na kunawa huonekana ameudharau mji, na mwenyeji humsihi aongeze. Ni afadhali mgonjwa apakuliwe peke yake, na wenyeji waelezwe mapema, kuliko kulazimishwa kwa heshima kisha atapike uani. Katika Ramadhani madaktari wengi humshauri aliyepasuliwa karibuni asifunge, kwani lita moja na nusu ya maji anayohitaji kwa siku haiwezi kunywewa yote kati ya magharibi na daku kwa tumbo dogo vile. Na dini yenyewe imemruhusu mgonjwa kula na kulipa siku nyingine.

Upungufu wa vitamini B12 huja kimya zaidi. Ini huiweka akiba ya miaka, hivyo mgonjwa huweza kuonekana mzima muda mrefu, akarudi kulima na kuvua, kabla nyayo hazijaanza kufa ganzi na damu kupungua. Vidonge na vipimo vya damu kwa hiyo ni vya maisha yote. Sindano ya B12 yenyewe ni kazi ndogo kwa mwuguzi wa zahanati ya kijiji, mradi mgonjwa awe amerudi na barua ya hospitali inayoeleza tumbo lake lilikatwa kwa namna gani na mwaka gani.