Fedha za Ndugu Zinapokwama Njiani

Kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, uvuvi hupigwa marufuku katika Ziwa Mweru ili samaki wapate kuzaliana. Vichanja vya kuanikia chisense hubaki vitupu huko Nchelenge, na nyumba nyingi hutazamia msaada wa ndugu walio mbali. Msaada wa namna hiyo husubiriwa pia Mantapala, makazi ya wakimbizi wa Kongo yaliyofunguliwa wilayani humo mwaka 2018. Dola chache za mwana aliye ng'ambo ndizo sare ya shule na unga wa mwezi.

Lakini fedha hazisafiri kama barua. Dola zitokazo nchi moja kwenda nyingine aghalabu hupitia benki kubwa za New York. Marekani ikiiwekea benki fulani vikwazo, benki hizo hazina budi kukata uhusiano nayo. Kwa kuogopa faini, baadhi yao hujitenga hata na benki zisizo na hatia katika nchi zinazotiliwa shaka. Oktoba 2022, Kongo iliingizwa katika orodha ya kimataifa ya nchi zinazochunguzwa kwa karibu kuhusu fedha haramu. Hatua hiyo si kikwazo, ila huongeza maswali, na maswali huleta ucheleweshaji.

Wasomali waliyaonja hayo zamani. Tarehe 7 Novemba 2001, Marekani ilizuia mali za Al Barakaat, shirika kubwa la kupeleka fedha Somalia. Mwaka 2004, wachunguzi wa Tume ya Septemba 11 walieleza kwamba hawakupata ushahidi wa kulihusisha na ugaidi. Wakati huo jamaa nyingi zilikwisha kuumia. Wapiganapo tembo, ziumiazo ni nyasi.

Njia halali ikizibwa, watu humkabidhi msafiri bahasha. Mashua ikizama au msafiri akigeuka, hakuna stakabadhi ya kudai haki.

Yafaa basi mama wa nyumbani achukue hadhari. Jina analompa mtumaji lilingane na la kitambulisho, herufi kwa herufi. Asikubali kupokea fedha za mtu asiyemjua. Amwombe mtumaji aulize makato yote kabla ya kulipa. Umoja wa Mataifa umekusudia yawe chini ya asilimia 3 ifikapo 2030, yaani chini ya dola 6 katika dola 200. Na stakabadhi itunzwe, kwani fedha iliyokwama hufuatwa kwa namba yake.