Chuki ya Hisabati na Miteremko ya Mgeta

Miongoni mwa masomo yafundishwayo katika shule zetu za sekondari, hapana linalolaumiwa na wanafunzi kama Hisabati. Katika mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2022, waliofaulu somo hilo walikuwa takriban mtahiniwa mmoja tu kati ya kila watano. Mwanafunzi huambiwa kuwa ni mvivu, naye hujibu kuwa hakujaliwa kichwa cha hesabu. Maelezo yote mawili ni mepesi mno, wala hayamfai mwalimu atakayesimama mbele ya darasa kesho asubuhi. Yafaa tuulize chuki hii huzaliwa mahali gani hasa ndani ya somo lenyewe.

Tuchukue mfano mmoja. Mwanafunzi ameelezwa kwamba mwinamo wa mstari hupatikana kwa kugawanya badiliko la wima kwa badiliko la mlalo. Anafuata kanuni, anapata 3/5, anaipigia mstari, na hajui amepata nini. Ukimwuliza ipi ni kubwa kati ya 3/5 na 30/50, huchagua ya pili kwa kuwa tarakimu zake ni kubwa. Kosa hili halimo katika jometri anayofundishwa leo. Limo katika sehemu alizofundishwa shule ya msingi, ambako alizoea kuiona 3/5 kama namba mbili zilizopandana, kiasi juu na asili chini, wala si namba moja yenye mahali pake kati ya 0 na 1. Huyo huyo ndiye ajumlishaye 1/2 na 1/3 akapata 2/5, asishtuke kuwa ameongeza kitu juu ya nusu na kupata kilicho pungufu ya nusu.

Aliyekosa kipindi kimoja cha Historia aweza kukifuata kinachofuata bila taabu kubwa. Katika Hisabati sivyo: kila mada hukanyaga mgongo wa iliyotangulia, na pengo la miaka mitano iliyopita hujitokeza leo likiwa limevaa jina jipya. Tena jina hilo jipya huwa la Kiingereza, kwa maana katika shule za serikali mtoto aliyejifunza hesabu kwa Kiswahili huanza kidato cha kwanza kwa lugha nyingine. Maneno aliyokuwa ameyashika, kama vile kiasi na asili, huachwa mlangoni.

Juu ya hayo huja hofu. Akili hushikilia mambo machache tu kwa wakati mmoja inapofikiri. Mwaka 2001 watafiti wa Marekani, Mark Ashcraft na Elizabeth Kirk, walionyesha kwamba watu wenye hofu kubwa ya hesabu hukosea zaidi hasa wanapotakiwa kujumlisha kwa kuchukua huku wakihifadhi jambo jingine kichwani. Hofu yenyewe hukalia nafasi iliyopasa kutumiwa na hesabu. Kwa hiyo mwalimu anayemsimamisha mwanafunzi ubaoni ili achekwe humpunguzia uwezo papo hapo, kisha humwadhibu kwa kuupungukiwa.

Nini basi kifanyike? Mimi naona afadhali turudi kwenye ile 3/5 na kuipa udongo. Mteremko unaopanda mita 3 kwa kila mita 5 za mlalo ni mkali sawa na ule upandao 30 kwa 50. Mkulima wa Mgeta, upande wa magharibi wa milima ya Uluguru, haambiwi hilo na mtu, maana magoti yake yanalijua. Pembe yake ni kama nyuzi 31. Sini ya pembe hiyo ni 0.51 hivi, yaani nguvu inayouvuta udongo kuelekea bondeni ni zaidi kidogo ya nusu ya uzito wake.

Tarehe 23 Februari 1970 mvua ya milimita zipatazo 100 ilinyesha Mgeta kwa muda wa saa tatu. Paul Temple na Anders Rapp, katika taarifa yao ya 1972, walieleza kuwa yalitokea maporomoko ya ardhi zaidi ya 1,000 katika eneo la kilomita za mraba 75. Mwanafunzi na akokotoe: eka moja ni mita za mraba 4,047, milimita 100 ni mita 0.1, basi kila eka ilipokea mita za ujazo 405, ambazo ni tani 405 za maji. Sehemu ya maji hayo ilitiririka, na sehemu iliingia ardhini, ikauongezea udongo uzito na kupunguza mshikamano wake. Katika msitu, ambako mizizi huushika udongo, hayakufika asilimia 1 ya maporomoko yote.

Milima hii, kwa njia, imewahi kuletewa kanuni zisizoelezwa. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi. Mwaka 1955 walikataa kwa ghasia, na mpango ukaachwa.

Shule iliyo mjini Morogoro yaweza kuanza na kipimapembe, uzi na kijiwe. Kipimapembe kigeuzwe, upande ulionyooka uwe juu, na uzi wenye kijiwe uning'inie kutoka katikati ya upande huo. Mtu atazame kilele cha Lupanga kwa kufuata ukingo. Tofauti kati ya 90 na nyuzi zinazosomwa kwenye uzi ndiyo pembe ya mwinuko. Kilele kina mita zipatazo 2,100 juu ya usawa wa bahari, na mji karibu 500. Hivyo kinauzidi mji kwa mita 1,600. Wakipata, mathalani, nyuzi 15, umbali wa mlalo utakuwa karibu kilomita 6, nao waulinganishe na ramani. Upepo ukiusogeza uzi hata wakapata 16, umbali utapungua kwa mita 400 hivi, na hapo darasa litaanza kubishana.